Hiyo kalamu ya maka itupe kabla hujafika Nyakalengija, lango la kupandia Milima ya Rwenzori, Uganda

Mdogo wangu, umeuliza mambo manne: hema gani, wapagazi wangapi, vibali, na kama ile maka "isiyofutika" uliyonunua Kampala inatosha kuandika chupa za wadudu wa lobelia, ile mimea mikubwa ya mlimani. Umetaja la maka mwishoni kabisa, kana kwamba ni dogo. Hapo ndipo nilipokaa vibaya kwenye kiti.

Itupe. Leo.

Nami nilipanda Rwenzori kuangalia nani anatembelea maua ya lobelia. Yule ndege chozi mwenye vishungi vyekundu kifuani hana taabu, unamwona kwa macho unaandika daftarini. Kazi ni hivi vinzi, vinyuki na vinondo ambavyo huwezi kuvitambua mpaka viende kwa mtaalamu. Nilikuwa na vituo vitatu: kinamasi cha Bigo cha chini, Bigo cha juu, na Bujuku kwenye mita 3962. Swali langu zima lilikuwa mdudu yupi anapatikana mwinuko upi.

Sasa kuna kaka mmoja chuoni, mwaka mmoja mbele yangu, bingwa wa ushauri. Akaniambia, "Wewe andika juu ya kizibo kwa maka, usijisumbue na vikaratasi." Baadaye nikaja kujua wadudu wake wote aliwakusanya bustanini nyuma ya bweni! Mlima aliuona kwenye picha.

Chupa nilizijaza spiriti ya kuhifadhia wadudu Kasese, mjini huku chini, nikafunga. Ukipanda, hewa ya nje inapungua nguvu, ile uliyoifungia ndani inasukuma kizibo, spiriti inachuruzika kidogo kidogo. Na wino ule wa maka usiotoka kwa maji, kwa spiriti unayeyuka kama sukari kwenye chai. Usiku wa pili Bujuku niliona ncha za vidole zimekuwa nyeusi. Nikasema ni matope. Umetoka Bigo, matope yameingia mpaka ndani ya gambuti, utashangaa vidole vyeusi?

Siku kumi na tisa. Chupa 212. Nikarudi Kasese, nikafungua boksi juu ya kitanda cha gesti, na kila kizibo kina ukungu wa zambarau tu. Alama za vituo B1, B2, BJ, tarehe, saa, namba ya mmea, vyote vimekwenda. Na chupa zenyewe zilikuwa zimechanganyika njiani, kwa sababu nani apange chupa zenye majina?

Msinicheke bado. Sikuwa mjinga kabisa, chupa kama mia hivi nilizitia na kikaratasi ndani kwa tahadhari. Kwa biki ya buluu. Wadudu wakawa wanaogelea kwenye maji ya buluu, vikaratasi vyeupe pee.

Zilizopona ni 31, zote za asubuhi moja ambayo biki iligoma kwa baridi. Mzee mmoja wa kabila la Wakonzo, mpagazi wetu, akachomoa penseli ya useremala sikioni. "Shika hii, mwanangu. Mimi naandikia mbao mvua ikinyesha." Nikaichukua kwa shingo upande, nikamrudishia jioni! Nikarudia biki yangu. Ndiyo, ningeweza kukaa nayo. Nalijua hilo, halihitaji mtu wa kunikumbusha.

Kwa hiyo tasnifu yangu ilithibitisha kwamba Rwenzori kuna nzi. Msimamizi alisoma, akanyamaza, akauliza nitapanda tena lini na kwa hela ya nani.

Sheria ni moja: penseli, karatasi nene, ndani ya chupa, na unaandika kabla mdudu hajaingia. Kituo, mwinuko, tarehe, saa, mmea. Ukishamtia mdudu kwanza "nitaandika nikifika kibandani", kibandani utafika umelowa mpaka mifupa na utalala. Juu ya kizibo andika ukipenda, kama pambo.

Vibali: UNCST (baraza la sayansi na teknolojia la Uganda) na UWA (mamlaka ya wanyamapori), anza mapema, na kibali cha kutoa sampuli hifadhini usikisahau. Hema, mimi nililala vibandani. La wapagazi atakujibu mwingine, nimeshaandika sana na boda ananisubiri nje.

Ila hujasema spiriti yako ni asilimia ngapi. Ya 70 inatosha kumtunza mdudu wa kuangaliwa kwa hadubini. Kama mnataka DNA tafuta ya 95. Na hiyo ya 95 inafuta maka haraka zaidi.