Ukienda Moshi Desemba, mpigie kwanza anayebaki nyumbani

Ikifika katikati ya Desemba, Dar es Salaam inapumua. Foleni ya Kimara inalegea, maduka kadhaa mtaani yanafungwa, na utani wa kila mwaka unaanza: Wachaga wameenda kuhesabiwa, yaani wamerudi kwao Kilimanjaro kwa Krismasi. Mimi si Mchaga. Ni Mluguru wa Morogoro niliyeolewa Marangu, kwa hiyo nami huenda kuhesabiwa pamoja nao, na nimeshakaa kwenye ukwe huu muda wa kutosha kuwa na maoni yangu.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu safari hii ni wa barabara na pesa. Naugusa wa barabara haraka, maana mambo yenyewe yako mbele.

Kutoka Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 560. Wa basi, kata tiketi mapema ofisini au kwenye mfumo wa mtandao, ujue nauli ya juu iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kabla hujafika stendi ya Magufuli pale Mbezi, kwa sababu wapiga debe wa wiki ya Krismasi hawana huruma na mtu mwenye watoto na mabegi. Tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku. Mimi bado nachagua la alfajiri. Treni ya Moshi, iliyorudi Desemba 2019, ni ya asiye na haraka, na watoto wanaipenda kuliko basi. Wa gari binafsi, pitieni Bagamoyo mtokee Msata, mtakwepa msongamano wa Kibaha na Chalinze. Kuanzia Segera mpaka Same kila kijiji kina kibao cha 50 na tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, nyuma ya mti, na kila ukipigwa tochi ni elfu 30. Fikeni Himo jua likiwa bado juu. Kupandisha Marangu usiku, kwenye mvua za vuli, gari limejaa watoto waliolala, ni kujitafutia balaa.

Sasa tuingie ndani.

Kwa Wachaga, nyumba ya baba na mama kwa kawaida ni ya mtoto wa kiume wa mwisho. Kaka wakubwa hupewa sehemu zao za kihamba, lile shamba la ukoo la migomba, wengine hujenga, wengine huhamia mjini. Kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi. Mkewe ndiye anayeamka kuwasha jiko la mama mkwe, ndiye anayejua dawa ya presha imebaki vidonge vingapi, ndiye anayeteremka kutafuta majani ya ng'ombe. Ikija Krismasi, huyo huyo ndiye mwenyeji wa sisi wote. Mimi namwita mdogo wangu, yeye ananiita dada, na baada ya kumtazama akifanya kazi Desemba baada ya Desemba nimefika mahali pa kusema hivi: likizo ya ukoo mzima inasimama juu ya mgongo wake, na ukitaka iende vizuri, ipange kwa kumwangalia yeye.

Wanaume wa familia wakipanga safari, wanapigiana simu wao kwa wao. Nani anatoa mbuzi, nani anatoa soda, tutachinja tarehe ngapi. Anayeambiwa mwisho ni mwenye jiko. Kwa hiyo mimi humpigia mwenyewe, mwanzoni mwa mwezi, na maswali yangu si ya heshima tu. Tutakuwa wangapi mwaka huu? Magodoro yanatosha, au ataazima tena kwa jirani? Gesi ipo? Maji yanatoka kila siku au ni ya mgao? Kuna mtoto aliyefunga shule ambaye anaweza kusaidia? Mara nyingi ndipo unagundua kwamba shangazi wa Arusha naye anakuja na wajukuu, na hakuna aliyemwambia mwenye nyumba.

Pesa ya maandalizi itume mapema, na itume kwenye simu yake. Ukimtumia mumewe, shemeji yangu anisamehe, inaweza kugeuka mfuko wa saruji au raundi ya bia. Ikiingia kwake inanunua mchele, mafuta, maharage na vitunguu kabla bei za sikukuu hazijapanda, na inanunua ulezi wa mbege. Hilo la mbege watu wa mjini wanalisahau. Pombe ile huwezi kuiagiza tarehe 24. Ndizi zinavundikwa ziive, zinapikwa, zinaachwa zichachuke, ulezi unaoteshwa na kusagwa, na kama wazee wa kwenu wanaipenda chungu, inatafutwa gome la msesewe. Ni kazi ya siku nyingi, na mara nyingi anayeifanya hata glasi moja hapati muda wa kuinywa.

Usimdai hesabu ya hiyo pesa. Mwambie kabisa: hii ni ya maandalizi, usiniandikie.

Kuhusu zawadi, nina msimamo ambao mawifi zangu hawaupendi. Zile sare za vitenge za familia nzima, kwa ajili ya picha mbele ya nyumba, mimi huzipinga kila mwaka kwenye kundi la WhatsApp. Anayeishi mjini anaona ni pesa ndogo. Aliyebaki nyumbani ana watoto wanne wa kushonea na ada inamsubiri Januari. Mpelekee sufuria kubwa, au blanketi mbili nzito, maana wageni wakiondoka na zake zimelowa chai, yeye ndiye anayebaki na baridi. Tuwe wakweli pia kuhusu jiko lenyewe: wanaume wanachinja, wanachoma, wanakunywa kisusio, ile supu yenye damu, wamesimama, halafu kazi yao imeisha na wanasifiwa. Masufuria ya machalari, mtori na kiburu, vyakula vyetu vya ndizi, yanabaki chini yakiwa na ukoko.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuchanga na kumlipa mtu wa pale kijijini wa vyombo na maji kwa zile siku za wingi wa watu. Gharama yake ukiigawa kwa kaka na dada wote haifiki bei ya kreti la bia kwa kila mmoja. Ugumu ni kulisema. Mama mkwe wa kizamani anaona aibu: nyumba ina wakwe watatu, mnaajiri mtu wa kuosha vyombo, majirani wataonaje? Mkwe akilitamka, anaonekana mvivu. Basi alitamke mwanawe, tena yule mkubwa, na alitamke kwa simu kabla hamjafika: "Mama, tunaleta mtu wa kumsaidia mdogo wetu." Likitoka kwa mwanawe linakuwa upendo. Nimeliona kwa macho yangu, maneno yale yale, mdomo tofauti.

Na hata kama kuna mtu wa vyombo, wewe mkwe uliyetoka mjini usikae sebuleni na simu. Uliza kazi moja uishike mpaka mwisho. Mimi nashika chai ya asubuhi, kwa sababu naamka mapema na sijui kumenya ndizi mbichi kwa kasi ya kule. Wananicheka, lakini chai ipo.

Watoto wape uhuru. Watalala sita kwenye godoro moja, watatembea peku, watarudi na neno la Kichaga ambalo baba yao hatataka kulitafsiri. Waambie mambo mawili tu kabla ya safari: wasikatae chakula kwa kukunja uso, na wasiwaonyeshe binamu zao simu na viatu kana kwamba wako dukani.

Tarehe 26, kwa wengi, ni kikao cha ukoo. Hapa ndipo makaburi yanajadiliwa, mpaka wa kihamba, mtoto aliyefaulu na hana ada, na michango. Mimi na mume wangu tunakubaliana kiasi chetu tukiwa bado Dar, tunakiandika, na kikitamkwa kikaoni hakipandi hata kama mjomba ameanza kusimulia jinsi alivyombeba mume wangu mgongoni. Ukiahidi kwa kuona haya mbele za watu, utavunja ahadi kwa simu mwezi Februari, na hilo ndilo linalokumbukwa. Jambo jingine la kikao: yule anayelea wazazi kwa kawaida hana sauti pale. Yuko jikoni wakati watu wanapanga nani atamhudumia mama. Mwombe mwenyekiti asubiri sahani zikae. Akija, mwulize mwenyewe gharama za mwezi ni zipi: dawa, nauli ya kliniki, pumba za ng'ombe, umeme. Watu wengi wa mjini hawajawahi kuzisikia hizo namba zikitajwa kwa pamoja, na wakizisikia wanachangia kwa adabu zaidi.

Siku baada ya 26 zitumie vizuri. Kama mama ana presha au sukari, au macho ya baba yamefifia, wapeleke hospitali nyinyi wenye gari, iwe ya jirani au KCMC mjini Moshi. Piga simu kwanza ujue kliniki ipi inafunguliwa lini, kwa sababu wiki hiyo ratiba hubadilika. Safari ambayo nyinyi mnaimaliza kwa saa chache, kwa aliyebaki nyumbani ni bodaboda, daladala mbili na siku nzima bila mtu wa kukamua ng'ombe.

Halafu kuna jambo ambalo nililisikia kwa huyo mdogo wangu tukichambua mchele, akalisema kana kwamba anazungumzia hali ya hewa: kwao ni Usangi, kule Upareni, milima unayoiona ukipita Mwanga, na Krismasi na mama yake hajaila tangu aolewe. Atakulaje? Ndiyo wiki sisi tunayofika.

Tangu hapo tumebadilisha mpango. Tunafika tarehe 22 au 23, Krismasi tunakula wote, kikao kinapita, na tarehe 27 asubuhi yeye, mumewe na watoto wanateremka kwenda Usangi na gari letu mpaka baada ya mwaka mpya. Sisi tunabaki na mama mkwe na ng'ombe. Mwaka wa kwanza mama mkwe alinuna kidogo. Alipoona chakula kinapikwa na dawa zinatolewa kwa saa yake, akaanza mwenyewe kumuulizia mama wa Usangi kama amepata wageni.

Ukitaka kujaribu, jitayarishe kweli. Kaa na mwenye nyumba jioni ya tarehe 26 na daftari. Akuonyeshe ng'ombe anapewa nini na saa ngapi, jirani gani anakamua asubuhi na analipwaje, maziwa yanapelekwa wapi, funguo ya stoo iko wapi, dawa za mama ni zipi kabla ya kula na zipi baada. Mgawane zamu, na mume wako awemo kwenye zamu ya majani. Ndiye aliyekulia pale, migomba anaijua kwa majina. Wageni wa ziada wasikaribishwe wiki hiyo.

Na mkiwa mnapakia gari kurudi Dar, mkungu wa ndizi ni mmoja kwa kila familia. Mwaka jana nilihesabu migomba iliyobaki na ndizi nyuma ya jiko baada ya magari yote kuondoka, nikampigia shemeji wa Arusha arudishe mkungu mmoja. Alicheka akadhani natania. Aliurudisha.