Gemu za sita kwa kumi: jibu kwa mdau wa Korogwe mwenye PS4 ya mtumba

Mkuu, umesema umepata mashine ya gemu, PS4 ya mtumba, na jamaa anakuuzia rundo la diski kwa bei ya jumla, ila kila ukiitafuta gemu mtandaoni unakuta wahakiki wameipa sita au saba kwa kumi. Unauliza uchukue au uache. Wadau hapo juu wamegawanyika, wengine "chukua, bei poa", wengine "hizo takataka". Mimi gemu hizo karibu zote zimepita mikononi mwangu, na mbili tatu zimenila hela, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Nilikuwa na kibanda cha gemu Ngamiani, Tanga mjini, kwenye barabara zile za namba. Nilianza na PS2 mbili zilizochipiwa zikubali diski za kunakili, nikaishia na PS4 tatu, feni moja na benchi ambalo zamani lilikuwa mlango. Mhakiki hupewa diski akakaa nayo wiki nzima. Mteja wangu ana mia tano mkononi na nyuma yake wamesimama wanne wanaosubiri zamu. Gemu ikimchosha haandiki makala, anaweka pedi chini anakwenda kununua mihogo.

Nilichojifunza pale ni kwamba gemu mbovu haina hasara kubwa, unaijua ndani ya dakika kumi unairudisha kwenye kasha. Ya wastani ndiyo inayokula watu. Ina kitu kimoja kizuri kweli kweli, halafu walioitengeneza wakakiongezea maji kama mchuzi wa wageni wasiotarajiwa. Kwa hiyo achana na hiyo sita kwa kumi. Uliza kitu chenyewe kizuri ni kipi, na utakaa nacho muda gani kabla maji hayajazidi.

Tuanze na The Order: 1886, ya mwaka 2015. Humo uko London, wewe ni shujaa mwenye masharubu unapambana na mazimwi nusu mtu nusu mnyama, na silaha unatengenezewa na Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme. Kuna bunduki moja inamwaga unga hewani, halafu unabonyeza kitufe kingine unatupa cheche, wingu lote linawaka. Siku nilipoiweka, kibanda kizima kilinyamaza. Watu walidhani ni filamu. Tatizo lake ndilo hilo hilo, ni filamu zaidi: juu na chini pana mistari myeusi, unatembea polepole ukisikiliza mazungumzo, ukishapiga risasi kidogo unarudishwa kwenye kutazama. Kupambana na zimwi kubwa ni kubonyeza vitufe unavyoonyeshwa, na pambano la mwisho linafanana mno na lile ulilokwisha kulipiga katikati. Wikendi moja unaimaliza, na huna sababu ya kuirudia. Kwa nyumbani, ikiwa ya bei chee, chukua. Kwa biashara haifai hata kidogo, maana mteja hawezi kulipia kukutazama wewe unatazama.

Mad Max nayo ni ya 2015. Ilitoka siku moja na gemu nyingine kubwa, Metal Gear Solid V, tarehe 1 Septemba, sijui nani alipanga vile. Kitu chake kizuri ni gari. Nyuma amepanda fundi kibiongo, Chumbucket, anayeliabudu gari kama mtu na dini yake, na ana chusa la kamba. Unamkaribia adui kwa kasi, unalenga tairi, chusa linanasa, unakanyaga mafuta na tairi linang'oka. Au unalenga dereva mwenyewe, anachomolewa kitini. Mimi mtu mzima nilikuwa nafunga kibanda saa nne usiku nakaa kung'oa matairi mpaka saa saba. Halafu kuna dhoruba ya mchanga, inakuja kama ukuta, radi ndani yake, mabati yanapaa.

Sasa maji. Ramani imejaa kambi za kuvunja, minara ya kuangusha, mabomu ya kutegua. Mabomu yenyewe unamchukua mbwa kwenye kigari, anabweka upande lilipo. Mara ya kwanza unacheka. Mara ya kumi unatamani mbwa aumwe. Wakubwa wa zile kambi unapigana nao karibu namna moja, unamkwepa, unampiga mgongoni, unamkwepa tena. Ushauri wangu: chukua, ila usijaribu kusafisha ramani yote. Boresha gari, ng'oa matairi, fuata hadithi, toka. Walioichukia wengi ni wale waliotaka kumaliza kila alama.

Mafia III sina mengi ya kusema. Mji wa New Bordeaux, uliochorwa kwa kuiga New Orleans, mwaka 1968, muziki wa miaka ile kwenye redio ya gari, na saa za mwanzo zina hadithi ya kisasi iliyosukwa vizuri. Baada ya hapo unapewa kazi moja: vunja mali za genge mpaka hasara ifike kiwango, bosi atokee, muue au umchukue afanye kazi kwako. Mtaa wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Mwanzo ule unastahili hela, lakini ukianza kupiga miayo usijilazimishe, haibadiliki.

Hapa kwenye magari kuwa makini sana. Kwenye rundo kama lako huwa hakukosi Need for Speed. Ile ya 2015 isiyo na jina la pili inataka intaneti muda wote hata ukicheza peke yako. Mimi nilinunua diski, nikarudi kibandani najisifu, nikaweka, ikaniambia niunganishe mtandao. Bando la kugawa mtandao kutoka kwenye simu siku nzima kwa ajili ya watoto kushindana magari, piga hesabu mwenyewe. Nikaiuza kwa hasara. Need for Speed Payback ya 2017 unaweza kuicheza bila mtandao, ila kuboresha gari ni kwa kadi za bahati: unashinda mbio, unachagua kadi moja kati ya tatu, ukikosa unayoitaka unatoa kadi tatu uzungushe mashine kama ya kamari. Mtu anayejua gari hawezi kufurahia kuambiwa gia yake iko kwenye bahati nasibu.

Mpira najua ndio ulioununulia mashine. FIFA usichukue tatu za miaka inayofuatana, utakuwa umenunua jezi. FIFA 22 ndiyo iliyotangazwa sana kwa ile teknolojia ya kunasa miendo ya wachezaji, lakini hiyo iliwekwa kwenye PS5 na mashine za kizazi chake, PS4 haikupewa. Na katika FIFA 20, 21 na 22 usitafute Juventus, wameandikwa Piemonte Calcio kwa sababu Konami, watengenezaji wa PES, gemu ya mpira inayoshindana na FIFA, walikuwa wameshachukua haki za klabu. Nilikuwa na mteja, shabiki wa Ronaldo, alipekua ligi ya Italia juu mpaka chini akanituhumu nimeuziwa feki. PES 2021 walau walisema wazi kwamba ni ya mwaka uliopita iliyobadilishwa vikosi, na wakaiuza bei ya chini. Ukiikuta, ichukue hiyo.

Kwenye ngumi wahakiki waliipiga chini Jump Force ya 2019, na hawakukosea: nyuso zimekakamaa kama za masanamu dukani, na inachukua karne kulodi, yaani kufunguka. Lakini ndani yake wamo Goku, Naruto na Luffy, mashujaa wa katuni za Kijapani, pamoja. Madogo wa Makorora walikuwa wanatembea mpaka kwangu kwa ajili hiyo tu. Nilikuwa natoza kwa dakika, basi ugomvi ukawa kwenye kulodi.

"Bro, umeanza kuhesabu na bado haijafunguka!"

"Umeme unalipiwa hata isipofunguka."

"Sasa sisi tunacheza umeme?"

Nilikosa jibu. Tukakubaliana kulodi hakuhesabiwi, na saa ikawa inawashwa kengele ya pambano ikilia. Ilinilipa kuliko gemu yoyote ya nane kwa kumi niliyowahi kuweka. Ukiona diski yake ing'ang'anie, maana tangu Februari 2022 imeondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, huwezi tena kuinunua ya kushusha.

Ya mwisho ni Days Gone, ya 2019. Inaanza kwa kujivuta, hadithi inapepesuka, na yale makundi ya mamia ya mazombi wanaokimbia kama maji ya mfereji, ambayo ndiyo utamu wake, yanachelewa kuja. Wengi walikata tamaa kabla. Lakini pikipiki humo inaisha mafuta, ikigonga inaharibika, lazima utafute vyuma uitengeneze. Kulikuwa na jamaa wa bodaboda anakuja mchana jua likiwa kali, haulizi misheni, anaendesha tu porini Oregon. Siku mafuta yalipomwishia mlimani, akaiviringisha kwa mteremko injini imezimwa mpaka kituoni, kibanda kikashangilia kama Coastal Union wamefunga bao uwanjani Mkwakwani.

Kabla hujatoa hela mgosi, geuza kila diski uitazame mgongo kwenye mwanga, halafu weka hapa majina ya zilizobaki. Na kama hiyo Need for Speed imo, mwambie jamaa aitoe apunguze bei.