Taa ya Chini ya Kabati la Jikoni: Anzeni na Adapta

Maswali mengi niliyoletewa mwezi huu yanahusu kitu kimoja: zile taa nyembamba zinazofungwa chini ya kabati la juu ili zimulike pale unapokatia kitunguu. Nimezifunga nyingi, na nimeitwa kufungua nyingi zilizokufa mapema. Nitayajibu kwa yale ninayoyakuta nikizifungua.

Shikamoo fundi. Nilinunua roli la mkanda wa LED la mita 5 Kariakoo, pamoja na adapta yake. Baada ya miezi minne upande wa mwisho umefifia, na sasa mkanda wote unapepesa. Je, nimeuziwa feki? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Usiutupe mkanda kwanza, huenda ni mzima. Chomoa adapta usome maandishi ya mgongoni. Mkanda wa volti 12 wenye chipu za 5050 (za milimita 5 kwa 5), chipu 60 kila mita, hula takriban wati 14.4 kwa mita. Mita 5 ni wati 72. Sasa tazama adapta: ikiwa imeandikwa volti 12, ampia 3, hiyo ni wati 36 tu. Umeibebesha mzigo mara mbili ya uwezo wake kila jioni. Imechemka, kapasita za ndani zimekauka, na kupepesa unakokuona ndiko kufa kwake. Kwenye taa za LED, mara nyingi adapta hutangulia kufa kabla ya LED zenyewe.

Ukienda kununua nyingine, piga hesabu ya wati za mkanda wote kisha ongeza moja ya tano. Kwa roli lako hiyo ni wati 86 hivi, kwa hiyo chukua adapta ya 100. Fungu kubwa la pesa yako liende hapo, si kwenye mkanda.

Kufifia kwa upande wa mwisho ni jambo jingine. Njia za shaba ndani ya mkanda ni nyembamba, na volti hupungua kadiri umeme unavyosafiri. Lisha mkanda huo kutoka ncha zote mbili utaona tofauti usiku huohuo. Ambaye hajanunua bado achukue wa volti 24: kwa wati zilezile, ampia zinakuwa nusu, na upotevu njiani unapungua sana.

Kuna joto pia. Mkanda uliobandikwa moja kwa moja kwenye ubao wa MDF hauna pa kutolea joto, na gundi yake huanza kuachia. Nunua profaili ya alumini, ule mfereji mwembamba wenye kifuniko, uubandike mkanda humo. Mimi sifungi tena mkanda wa jikoni bila profaili, hata mteja akinung'unikia bei.

Na adapta ikae mahali mkono unapofika, juu ya kabati penye hewa. Mwaka jana niliitwa Kigamboni kwenye jiko jipya kabisa. Adapta ilikuwa imefungiwa nyuma ya ubao, hakuna hewa wala mlango. Ili kubadilisha kifaa cha ukubwa wa kiganja tulilazimika kukata kabati ambalo halijamaliza mwaka. Niliumia kuona mbao nzuri zikichanwa hivyo.

Nikikata nyama chini ya taa zangu mpya inaonekana ya kijivu, na nyanya zimepauka kama mbichi. Dukani zilionekana nyeupe safi. (Msomaji, Morogoro)

Weupe wa LED unatokana na chipu ya buluu iliyofunikwa unga wa manjano, unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa rangi nyingine. Chipu ya buluu yenye mwanga wa kutosha ilikuwa ngumu kutengeneza, kiasi kwamba Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Unga wa bei ndogo hutoa wekundu kidogo mno. Jicho linaona mwanga mwingi, lakini nyama haina wekundu wa kuurudisha.

Tafuta kwenye boksi herufi CRI au Ra, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu. Themanini ni ya kawaida; kwa jikoni nataka 90 kwenda juu. Boksi lisilotaja kabisa, liache. Namba ya Kelvini ni habari nyingine: 3000 ndiyo wauzaji huiita "womu", 6500 ndiyo "deilaiti", na 4000 ipo katikati. Watu wengi huchukua deilaiti kwa kuamini ndiyo inayoangaza zaidi, lakini Kelvini hupima rangi; wingi wa mwanga uko kwenye lumeni. Jiko lililoungana na sebule ningeliwekea taa ya 3000, na jiko la peke yake ya 4000.

Na nendeni dukani na nyanya moja. Mwombe muuzaji awashe, uishike chini ya taa, kisha utazame na kiganja chako. Muuzaji mzuri hatashangaa.

Fundi wangu anasema nichukue mkanda unaochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba. Hautaki adapta na ni rahisi kuliko yote. Nikubali? (Msomaji, Arusha)

Hapana, ndugu yangu. Kile kiplagi chake hugeuza umeme tu, hakiushushi. Mkanda wote unabaki na umeme wa hatari, sentimita chache kutoka kwenye mikono yenye maji na kitambaa unachofutia kaunta. Kizibo cha plastiki cha mwishoni kikichomoka, umebaki na ncha wazi yenye umeme wa kuua. Tena mingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Elekeza kamera ya simu kwenye taa: ukiona mistari myeusi ikitembea kwenye kioo, taa inapepesa, na macho yatachoka hata kama huoni. Mkanda huo una kazi yake kwenye mapambo ya dari, mbali na maji.

Na kwa kazi yoyote ya kuongeza laini mpya ya umeme, muulize fundi leseni yake ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji. Asione vibaya kuulizwa.

Kaunta yangu ni granaiti nyeusi. Naziona nukta zote za taa ndani yake kama shanga za tasbihi, na zinaniumiza macho. (Msomaji, Zanzibar)

Granaiti iliyong'arishwa ni kioo. Weka kifuniko cha profaili chenye weupe wa maziwa, au badilisha uchukue mkanda wa COB, ambao chipu zake zimesongamana chini ya tabaka moja na huwaka kama mstari mmoja. Ufunge karibu na ukingo wa mbele wa kabati, nyuma ya ubao wa kuficha, umulike kuelekea ukutani kidogo. Ukiufunga nyuma kabisa utang'arisha vigae tu, na kisu kitabaki kwenye kivuli.

Kwa ninyi wa pwani: viunganishi vya kubana hushika kutu kwa hewa ya chumvi. Mwambie fundi alehemu waya kwa risasi kisha azifunike.

Nyumba ni ya kupanga hapa Nairobi, siruhusiwi kutoboa. Vipi zile za kuchaji zenye sensa? (Msomaji, Umoja)

Zinafaa kwa anayeingia jikoni kuchemsha maziwa na kutoka. Kwa anayepika saa mbili kila jioni, utachoka kuzichaji. Soma saa za kuwaka mfululizo, usidanganywe na miezi inayohesabiwa kwa sensa, taa ikiwaka tu mtu anapopita. Mimi ningebandika profaili kwa gundi ya pande mbili na kuchomeka adapta kwenye soketi iliyopo. Futa mafuta kwa spiriti kabla ya kubandika, la sivyo itakuangukia kwenye sufuria.

Itanimalizia umeme wa LUKU? (Msomaji, Mwanza)

Mita 3 za wati 10 kila moja ni wati 30. Ukiwasha saa 5 kila siku, kwa siku 30 umekula uniti 4.5. Birika la wati 2000 hula umeme wa jioni nzima ya taa hizo kwa dakika nne na nusu.

Naweza kuupitisha mkanda juu ya jiko la gesi? (Msomaji, Tanga)

Usiupitishe. Joto na mvuke wa mafuta vitauharibu, na gundi italainika juu ya moto. Ukatishe kabla ya jiko kwenye alama ya kukatia, pitisha waya juu ya kabati, kisha uendelee upande wa pili.