Kabla Hujampa Mtoto Kijiko

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha sayansi huku Bagamoyo, usingoje maabara. Chumvi ya mawe inavunwa hapa hapa pwani, na glasi mbili za kuona ndani zinatosha kipindi kizima cha kuonyesha kukoroga kunafanya nini chumvi inapoyeyuka.

Mwaka wangu wa kwanza niliharibu. Glasi moja niliikoroga, nyingine nikaiacha, lakini ile ya kukoroga niliitia maji ya moto ya kwenye chupa ya chai. Mtoto akauliza, "Mwalimu, ni kijiko au ni moto?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo maji yanatoka ndoo moja, chumvi ni kijiko kimoja kilichosawazishwa, tofauti inabaki mkono tu.

Na usianze na kukoroga. Anza na glasi iliyotulia, mbele ya dirisha. Chumvi imelala chini na haiyeyuki upesi, maana maji yanayoigusa yameshashiba chumvi, ni mazito, yamekaa palepale. Sasa funga chumvi kiasi kilekile kwenye kitambaa chepesi, ining'inize juu, iguse maji. Watoto wataona nyuzi zikishuka, zikipindapinda kama joto linavyocheza juu ya lami saa saba mchana. Maji mazito yanazama yenyewe, mapya yanashika nafasi. Hapo sasa mpe mtoto kijiko. Ataelewa mkono wake unafanya nini: unayaondoa maji yaliyoshiba na kuleta yenye njaa.

Wengi huamini kukoroga kunaongeza kiasi kinachoyeyuka. Hakuongezi. Mililita 100 za maji yasiyopashwa moto hupokea chumvi takriban gramu 36, basi. Tia zaidi ya hapo, waache wakoroge mpaka mkono uchoke, punje zitabaki.

Unga wa muhogo ukikorogwa, watasema umeyeyuka. Usibishane nao, acha glasi dirishani mpaka kesho waone ulivyotuama. Kuonja mimi nakataza, hata chumvi.

Ukibakiwa na muda, tia majani ya chai kwenye kikombe cha maji, koroga, toa kijiko. Majani hayatupwi pembeni, yanakusanyika katikati! Maji ya chini yanacheleweshwa na kitako cha kikombe, yanasukumwa kuelekea katikati, yanayabeba. Mwanafizikia Einstein alilieleza jambo hili mwaka 1926. Ila usiwaambie mapema. Kila mtoto aandike kwanza kwenye daftari lake majani yataishia wapi, ndipo akoroge.