Ukienda Karijini, beba sweta

Watu wakisikia nyika ya Australia wanawaza jua tu. Wanafungasha kofia, kaptula na mafuta ya ngozi, basi. Mimi nakwambia, kwa hifadhi ya Karijini, kule Pilbara katika jimbo la Australia Magharibi, jiandae kwa baridi.

Msimu wa kupiga kambi ni kipupwe, Mei hadi Agosti. Mchana raha mstarehe, lakini usiku wa Julai unaweza kukaribia nyuzi sifuri. Na pale kambi ya Dales kuni haziruhusiwi, kwa hiyo usitegemee kuota moto. Beba jiko la gesi, soksi nzito na kitu kinene cha kutandika. Wengi hununua mfuko wa kulalia wa bei mbaya, kisha wanalala juu ya godoro la kupuliza. Hewa ya ndani inapoa, nao wanapoa nayo. Viatu usiviache nje. Dingo, mbwa mwitu wa Australia, wanapita usiku, na ni wadokozi.

Baridi yenyewe hasa iko chini, makorongoni. Kuta za Hancock na Weano ni miamba ya chuma iliyotuama chini ya bahari miaka kama bilioni 2.5 iliyopita, tabaka nyekundu juu ya tabaka ya kijivu, zimepangana hadi juu. Mahali pengine korongo ni jembamba kiasi kwamba unapita umetanua mikono na miguu ukutani, maji yakipita chini yako. Jua halikai humo, na maji yake yanakata pumzi. Shuka karibu na adhuhuri, weka nguo kavu kwenye mfuko usioingiza maji, na ukianza kutetemeka, toka. Mwamba uliolowa unateleza kama sabuni, na mtu aliyekufa ganzi vidole hawezi kujishika.

Wingu la mvua likionekana popote, hata mbali, usishuke kabisa. Mafuriko huja na maji yaliyonyesha kwingine.

Ukifika Fern Pool, ingia taratibu, bila kelele wala kuruka majini. Ni mahali patakatifu kwa wenyeji wa asili.

Mafuta ya gari na maji ya kunywa jaza mji wa Tom Price. Kwenye ramani za zamani utaona pia Wittenoom, mji uliohamwa, si mbali. Usiende hata kupiga picha: machimbo yalifungwa 1966, lakini vumbi la asbesto, madini yenye nyuzi hatari kwa mapafu, bado limetapakaa.