Msimu wa vipigo: ushauri kwa kocha wa timu ya chuo

Kama timu yako imepigwa mechi nne mfululizo na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi ameanza kukukwepa kantini, soma haya kabla hujapeleka barua ya kujiuzulu. Yangu ilikaa mkobani wiki tatu.

Nilikuwa kocha msaidizi wa timu ya soka ya chuo kimoja Morogoro. Tulikuwa tukishinda, na sababu tuliijua sote: watano wa kikosi cha kwanza walikuwa mamluki, vijana wa mtaani waliotengenezewa vitambulisho. Walipogundulika, tukabaki na watoto wa mwaka wa kwanza na kipa ambaye alizoea kudakia timu ya bweni. Kila tuliyekutana naye alitufunga.

Kipindi hicho ndipo nikasoma habari za West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani. Futiboli yao ni ile ya mpira wa yai na helmeti, lakini aibu yao niliitambua mara moja. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia na mara baada yake, timu yao chini ya kocha Earl Blaik ilikuwa moto. Kuanzia 1944 hadi 1946 haikufungwa hata mara moja. Agosti 1951 ikatangazwa kwamba makadeti 90 wanafukuzwa kwa udanganyifu wa mitihani. Majaribio yaleyale yalitolewa kwa kundi moja leo na kwa jingine kesho, kwa hiyo waliotangulia waliwapenyezea wenzao maswali. Zaidi ya 30 walikuwa wachezaji wa futiboli, akiwemo Bob, mtoto wa Blaik mwenyewe, ndiye aliyekuwa akiichezesha timu. Hebu fikiria chakula cha jioni nyumbani kwa mzee huyo.

Blaik alitaka kuondoka. Jenerali Douglas MacArthur akamshauri abaki, naye akabaki na waliokuwa akiba. Walipoteza mechi nne za mwanzo, wakamaliza msimu na ushindi mara mbili na vipigo saba.

Mimi nilichofanya ni kuchukua kalamu na kuyaangalia matokeo yao moja moja. Harvard waliwafunga 22–21. Pennsylvania, 7–6. Navy, chuo cha jeshi la majini na mahasimu wao wakubwa, 42–7. Msimamo wa ligi unaviita vyote vipigo, ila kwa kocha havifanani. Kile cha pointi moja kinatibika mazoezini Jumatatu. Cha 42–7 usipoteze muda kukichambua. Watoto walikutana na watu wazima, basi. Nilipoyapanga matokeo yetu namna hiyo, niliona mechi tatu tulizofungwa goli moja, zote dakika za mwisho. Kumbe pumzi. Tukaacha kubishana kuhusu mifumo, tukaanza kukimbia mlimani alfajiri.

La pili: waambie wachezaji ukweli wa kilichotokea, na uwaambie wewe. Mimi nilichelewa, wakausikia kwa washabiki pamoja na chumvi yake.

Na usijipe tarehe ya kurudi juu. West Point walingoja hadi 1953 ndipo wakaifunga Navy 20–7 na kumaliza msimu na kipigo kimoja tu. Kwa timu ya chuo, hiyo ni karibu kizazi kizima cha wachezaji.

Kishawishi kitakuja. Kwangu kilikuja siku tatu kabla ya mechi ya mwisho: mlezi wa timu aliniletea kijana mwenye mguu wa kushoto wa ajabu. “Mwalimu, huyu kitambulisho chake kinashughulikiwa.” Nikamwambia kijana karibu, kiti kipo jukwaani. Mlezi hakunisalimia hadi muhula ukaisha.

Tulifungwa 2–0. Yule kipa wa bweni alidaka penalti, na washabiki wetu wachache waliobaki wakamkimbilia uwanjani kana kwamba tumebeba kombe. Mwamuzi alilazimika kusimamisha mpira.