Mwenzangu ametoa milioni 15, mimi milioni 5: kodi inakaaje?

SWALI: Mimi na rafiki yangu tunafungua kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti hapa Singida. Yeye anatoa shilingi milioni 15, mimi milioni 5, ila mimi ndiye nitakayesimamia kiwanda kila siku. Tumekubaliana umiliki uwe nusu kwa nusu. Je, TRA itatutoza kodi kwa ile tofauti ya milioni 10?
Msomaji, Singida

JIBU: Hapana. Fedha anayolipa mwanahisa kununua hisa si mapato ya kampuni, iwe nyingi au kidogo. Kinacholeta kodi ni namna mtakavyoiandika hiyo milioni 10.

Kwa hali yenu tunashauri hivi: andikisheni BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) hisa 1,000 za Sh10,000 kila moja, na kila mmoja alipie 500 kwa milioni 5 yake. Milioni 10 inayobaki iwe mkopo wa mwenzako kwa kampuni. Mkataba utaje riba na muda wa marejesho, na usainiwe kabla fedha haijaingia benki. Akirudishiwa milioni 10 yake, hatozwi kitu. Riba ndiyo yenye kodi. Mkiweka asilimia 12 kwa mwaka, riba ni Sh1,200,000. Kampuni itakata kodi ya zuio (inayokatwa kabla ya kumlipa) ya asilimia 10, yaani Sh120,000, iipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kwisha, na impe cheti cha zuio. Asikitupe, maana riba ya namna hii bado anatakiwa kuitaja kwenye ritani yake (taarifa ya mapato ya mwaka kwa TRA), na hiyo 120,000 itapunguzwa kwenye kodi atakayodaiwa. Kampuni nayo huiondoa riba kama gharama kabla ya kupiga kodi yake ya asilimia 30.

Mkiamua milioni 15 yote iwe bei ya hisa zake 500, kodi haipo, lakini ile ziada imekuwa mali ya kampuni. Hawezi kuidai kama deni, na kampuni ikifungwa, nusu ya kitakachobaki ni yako. Mwenzako alielewe hilo kabla ya kusaini.

Msiandike kwamba umepewa hisa kwa sababu ya kazi. Hapo thamani ya hisa hizo huhesabiwa malipo ya ajira, na kampuni itadaiwa PAYE (kodi ya mshahara) wakati hakuna fedha taslimu iliyolipwa. Kazi yako ilipwe mshahara, hata mdogo.

Gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, hufuata hisa. Faida ikiwa milioni 10, kodi ya kampuni ni milioni 3. Mkigawana milioni 7 iliyobaki, zuio la asilimia 10 ni Sh700,000, na kila mmoja anapata Sh3,150,000. Hapo kodi ya gawio imeisha.

Tunaloliona likiwaumiza wengi ni fedha za mtaji kuingia kidogo kidogo kwa simu au kwenye akaunti binafsi. Mkaguzi akikuta milioni 10 benki isiyo na mkataba wala maelezo, anaweza kuihesabu kuwa mauzo yaliyofichwa, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni yenu. Kila mmoja atume kutoka akaunti yenye jina lake, na aandike kwenye maelezo ya muamala: "malipo ya hisa" au "mkopo wa mwanahisa".